Nani achague garaji?

MWENYE TEKSI: Nianze mimi, kwa sababu gari lililosimama ni langu. Nina teksi mbili hapa Lubumbashi, zinazobeba watu kati ya Ruashi na mjini. Lori lilirudi nyuma bila kuangalia, kwenye barabara ya Kasenga, likaponda mlango wa gari moja na nguzo ya katikati, ile inayoshika mlango wa mbele na wa nyuma. Polisi waliandika kwamba kosa ni la lori, na dereva wa lori mwenyewe alikubali. Kampuni iliyolikatia lori hilo asiransi ikanipa njia mbili tu: nipeleke gari kwenye garaji yao, au nipokee pesa walizokadiria wenyewe. Mimi nina fundi wangu Katuba, analijua gari lile nje ndani. Na kampuni ile sikusaini nayo chochote. Kwa nini walionigonga ndio waniamulie ni mikono ya nani itashika gari langu?

MTU WA BIMA: Pole sana, Mama. Faili lako liko kwa wenzangu wa kampuni nyingine, lakini kazi ni ile ile, nami nitajibu bila kuzunguka. Pesa za kutengeneza gari lako hazitoki mfukoni mwa mkurugenzi. Zinatoka kwa wote waliolipa bima mwaka huu. Devi ya fundi, yaani makadirio yake ya bei, inapofika mezani kwangu, sijui kama anatengeneza ajali ya jana au anaongeza na mikwaruzo ya miaka mitano. Nimeona gari lililogongwa ubavu wa kushoto likaletewa devi yenye taa ya kulia. Nimeona bampa mpya kwenye risiti na bampa ya zamani kwenye gari, imepakwa rangi tu. Garaji tuliyoichagua tunajua bei yake ya saa, tunajua vipuri vyake vinatoka wapi, na ikitudanganya tunaiondoa kwenye orodha.

FUNDI: Mwanangu, wezi wapo, na sisi mafundi tunawajua kuliko nyinyi. Lakini sikiliza orodha yenu inavyokuwa ukiwa ndani yake. Niliwahi kuwa kwenye orodha ya kampuni moja. Mwanzoni wanakuambia: tutakuletea magari mengi, kwa hiyo shusha bei ya saa. Unashusha. Baadaye wanasema: shusha na ya rangi. Kisha malipo yanachelewa, faili liko Kinshasa, saini bado. Wakati huo vijana wangu wanataka kula, na oksijeni ya kuchomelea hainunuliwi kwa ahadi. Punguzo lile lazima litoke mahali, na mahali pekee linapoweza kutoka ni kwenye gari. Badala ya kuvua mlango ukaunyoosha kutoka ndani, unaujaza mastiki. Unaruka koti moja la rangi ya chini. Gari linatoka linang'aa na mwenyewe anakushukuru. Mvua za mwaka unaofuata, kutu inachungulia. Chukua sumaku ndogo uipitishe kwenye ubavu wa gari lililotengenezwa haraka haraka hapa mjini. Itashika, itashika, halafu itaanguka. Pale inapoanguka, chuma kiko mbali chini ya mastiki.

MTU WA BIMA: Na kwako, Papa, haianguki?

FUNDI: Inaanguka kwa gari ambalo mwenyewe alisema hana pesa ya zaidi, nikamwonyesha kabla sijaanza. Yeye alijua anachokinunua. Mteja wa orodha yenu hakuambiwa.

MWANASHERIA: Mama amesema hakusaini chochote, na neno hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Bima ambayo kila mwenye gari nchini Kongo analazimishwa kuwa nayo, tangu sheria ya 5 Januari 1973, ni ya kumlipa yule uliyemdhuru. Gari lako mwenyewe haligusi. Watu wengi hapa Lubumbashi wana hiyo tu. Kwa hiyo gari linalotengenezwa kwa pesa ya bima mara nyingi ni la mtu ambaye hakuwahi kukaa meza moja na kampuni inayolipa. Sasa fungueni amri ya 30 Julai 1888, ambayo mpaka leo ndiyo kitabu chetu cha mikataba. Kifungu cha 33 kinasema makubaliano halali ni sheria kwa wale walioyafanya. Kama mkataba wa lori umetaja garaji fulani, unamfunga mwenye lori. Haki ya Mama inatoka kifungu cha 258: aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake, sharti afidie. Anadai fidia, na fidia haina anwani ya garaji.

MTU WA BIMA: Haina anwani, Maître, lakini ina kipimo. Fidia ni kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya ajali, pasipo kumpunguzia wala kumwongezea. Gari lililotoka Japani likiwa limeshatumika miaka 10, likatembea hapa miaka mingine, nikililipia mlango mpya wa dukani nimemwongezea mwenyewe kitu ambacho hakuwa nacho. Ndiyo maana tunakata uchakavu. Ndiyo maana tunakubali mlango wa mtumba ulio mzima. Na matengenezo yakizidi thamani ya gari, tunalipa thamani, tukitoa bei ya mabaki.

MWENYE TEKSI: Niuzie basi nusu mlango. Muuzaji wa vipuri haniulizi gari langu limechakaa kiasi gani; nanunua mlango mzima au naondoka. Ule uchakavu unaoukata naulipa mimi, kwa ajali nisiyoifanya. Na siku je? Gari limesimama wiki sita. Dereva alikuwa ananiletea pesa kila jioni. Hizo ziko wapi kwenye kipimo chako?

MTU WA BIMA: Pesa za kazi zilizopotea zinaweza kudaiwa, ukileta ushahidi.

MWENYE TEKSI: Daftari langu, kila siku nimeandika.

MTU WA BIMA: Daftari lisilo na muhuri, Mama, ni gumu kulipitisha.

MWANDISHI: Naomba tusimame hapo kidogo, maana naona hapo ndipo nguvu ilipo. Tunabishana kuhusu garaji kana kwamba Mama yuko huru kukataa. Kampuni inaweza kungoja mwaka mzima bila kulala njaa. Mwenye teksi hawezi kungoja miezi miwili. Mtu akikubali garaji asiyoitaka katika wiki ya saba, sioni kama tunaweza kusema amechagua. Lakini bado sijaelewa: makadirio haya anayafanya nani, na analipwa na nani?

MTU WA BIMA: Eksperti. Kampuni ndiyo inayomlipa, kwa sababu kampuni ndiyo inayotoa pesa. Mama ana haki ya kumleta wake.

MWENYE TEKSI: Kwa pesa zipi?

MWANASHERIA: Swali la Mama ni zee kuliko soko letu. Marekani, mwaka 1963, serikali ilivishtaki vyama vitatu vya makampuni ya bima. Kosa halikuwa kumiliki garaji. Walikuwa wameweka wakadiriaji wao, waliosifiwa kuwa huru, na kupitia hao wakabana bei za mafundi na kuwapeleka wateja kwa garaji zilizokubali bei hizo. Kesi iliisha kwa makubaliano mahakamani: vyama vile vikakatazwa kuwaelekeza watu kwenye garaji fulani na kupanga bei ya kazi. Nawakumbusha kwa sababu hapa kwetu ndiyo kwanza tunaingia katika hali hiyo. Kwa karibu nusu karne nchi hii ilikuwa na nyumba moja ya bima, SONAS, iliyoundwa mwaka 1966. Swali la watu wakati ule lilikuwa moja: je, nitalipwa? Sheria ya 17 Machi 2015 ikafungua soko, ARCA ikawekwa kuwa msimamizi, na leseni za kwanza za makampuni binafsi zikatoka mwaka 2019. Swali likabadilika: nitalipwa kwa njia gani, na kwa masharti ya nani? Tuna pia sheria ya 9 Julai 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani. Sijaona mtu akiileta mezani kwa habari ya garaji, na ingefaa iletwe.

MTU WA BIMA: Maître, makampuni yetu ni machanga. Watu walizoea kununua karatasi ya kumwonyesha polisi, basi. Tunajaribu kuwaonyesha kwamba bima inalipa. Ukituondolea njia ya kushika gharama, bei itapanda, na wanaonunua karatasi ya bandia barabarani wataongezeka. Halafu siku utakayogongwa na mmoja wao, hutakuwa na kampuni ya kubishana nayo. Fikirieni pia malori ya Zambia na Tanzania yanayoingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Yale yana Kadi ya Njano ya COMESA. Likikugonga hapa, kampuni ya hapa inashughulikia dai lako kwa niaba ya ile ya kwao, kisha inadai kurudishiwa. Unafikiri mwenzangu wa Dar es Salaam atarudisha pesa kwa karatasi ya daftari yenye alama ya grisi? Atataka risiti, namba ya kodi, picha. Garaji za orodha zinatoa hivyo.

FUNDI: Karatasi tutajifunza kuandika. Nirudi kwenye kile kipimo chako, kumrudisha mtu alipokuwa. Chukua taa ya mbele. Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa barabara za Japani, usukani kulia, yakatembea kushoto. Taa zake zimeelekezwa zimulike pembeni, upande wa kushoto, wanakopita watembeao kwa miguu kule. Hapa tunatembea kulia. Mwanga ule ule unaingia machoni mwa anayekuja mbele yako. Simama usiku kwenye barabara ya Likasi uone magari yanavyopishana, kila dereva amekunja uso. Gari kama hilo likivunjika taa, mimi namwambia mwenyewe: tuweke ya nchi za kutembea kulia. Eksperti anakuja, anasema hapana, lipia ya mtumba inayofanana na ile iliyovunjika, ndiyo ya bei ndogo. Amemrudisha mteja alipokuwa, kweli. Na anayekuja mbele naye amerudishwa alipokuwa, gizani.

MTU WA BIMA: Hilo ni la serikali, Papa. Magari yale yameshaingia nchini. Sisi hatuwezi kurekebisha sera ya nchi taa moja moja.

FUNDI: Lakini mnaweza kuizuia taa moja moja, na ndivyo mnavyofanya.

MWANASHERIA: Wenzetu wamejaribu dawa. Ufaransa, sheria ya 17 Machi 2014, mwaka mmoja kamili kabla ya yetu, inataka mkataba wa bima ya gari umkumbushe mteja kwamba anaweza kujichagulia fundi. Afrika Kusini, mwongozo wa Tume ya Ushindani ulioanza 1 Julai 2021 unawataka watu wa bima wagawe kazi kwa haki kati ya garaji na kumpa mteja nafasi ya kuchagua. Sisi tunanakili mengi kutoka kwao. Hili tumeliacha njiani.

MTU WA BIMA: Kule fundi ana cheti, mashine na jina linalojulikana. Hapa mwenye jeki na spana mbili anafungua garaji chini ya mwembe. Niseme ninachokiogopa, na si pesa. Nimeona gari lililovutwa lirudi sawa kwa mnyororo uliofungwa kwenye mti. Nimeona mfuko wa hewa wa usukani uliokwisha kulipuka. Badala ya kuweka mwingine, fundi amechomeka kipande kidogo cha umeme kwenye waya ili taa ya onyo izime kwenye dashibodi. Dereva anaona kila kitu kiko sawa. Usukani ndani hauna kitu. Tumwachie mteja achague fundi huyo kwa jina la uhuru?

FUNDI: Huyo hata mimi namkataa. Lakini jibu lake ni masharti, na orodha siyo masharti. Andikeni ukutani: garaji inayotaka kazi ya bima iwe na kipimo cha chasi, iwe na vyumba vya kupakia rangi pasipo vumbi, isichome moto kwenye nguzo. Anayetimiza aingie, awe wa Katuba au wa Kampemba. Orodha yenu ina sharti moja tu, kushusha bei. Na garaji inayoshusha bei kuliko zote, ndiyo hiyo yenye mnyororo na mti. Inachofanya ni kufunga geti ili msione.

MTU WA BIMA: Nani atazunguka kukagua garaji zote za mji huu?

FUNDI: Yule yule anayezunguka kukata devi zetu.

MWENYE TEKSI: Na mimi niseme jambo ambalo labda halitawapendeza. Kuna siku nataka pesa mkononi. Gari ni langu, nitaamua nitengeneze leo au mwezi ujao. Septemba watoto wanaingia shule, mwenye nyumba anagonga mlango. Kampuni ikinipa pesa, isiniulize nimezifanyia nini.

MTU WA BIMA: Hapo mnaona. Tukilipa taslimu, gari linarudi barabarani na nguzo iliyopinda, limepakwa rangi juu.

MWENYE TEKSI: Sikusema nitafanya hivyo. Pesa ile ni ya hasara yangu. Ng'ombe wangu akiuawa na lori, utanilazimisha ninunue ng'ombe?

ABIRIA: Nimesikiliza muda mrefu nikingoja mtu anitaje. Mimi ni mwalimu. Kila asubuhi napanda teksi ya Ruashi, nakaa nyuma pembeni, tumebanana wanne. Mama anasema mwenye haki ni yeye kwa sababu gari ni lake. Ndugu wa bima anasema anawalinda waliolipa. Papa Fundi anasema wateja wake anawaambia ukweli. Mimi sina mkataba na yeyote kati yenu, nimelipa nauli. Ile nguzo ya katikati ndiyo ninayoiegemea bega. Kampuni ikinunua rahisi, Mama akipokea taslimu, fundi akijaza mastiki, nyote watatu mnaweza kwenda nyumbani mmeridhika, na aliyekaa karibu na nguzo ni mimi.

MWENYE TEKSI: Mwalimu, watoto wangu nao wanapanda gari hilo hilo.

ABIRIA: Najua, Mama, na ndiyo maana nauliza kwako pia. Likishatengenezwa, nitajuaje?

MWANDISHI: Nakiri, mwalimu, kwamba hata mimi nilikuja na swali la bei na la nani anachagua. Swali lako liko chini ya hayo yote. Ngoja tulipeleke kwa kila mmoja: nguzo hiyo ikishanyooshwa, nani anaweka jina lake kwamba itahimili kugongwa tena?

MTU WA BIMA: Garaji zetu za orodha zinatoa dhamana.

MWANASHERIA: Kwa nani? Dhamana mnazoandikiana ni kati ya garaji na kampuni. Mama akipata tatizo mwaka kesho, garaji itamwambia: sina mkataba na wewe, mkataba wangu ni na kampuni. Kampuni itamwambia: sisi tulilipa tu, hatukutengeneza. Mmechukua uamuzi wa kuchagua, mkaliacha jukumu linaloambatana nao. Kampuni ikitaka kuchagua mahali pa kutengenezea, iandike barua kwa mwenye gari: kazi hii tumeichagua sisi, ikiharibika tunaibeba sisi. Mimi nitamshauri mteja wangu aikubali garaji hiyo siku hiyo hiyo.

MTU WA BIMA: Na akichagua mwenyewe?

MWANASHERIA: Basi fundi aliyemchagua asaini, na sahihi hiyo ifuate gari, isibaki kabatini.

FUNDI: Nitasaini. Ila sitasaini kwa bei ya mlango uliokatwa uchakavu. Kunipa nusu ya chuma kisha ukataka sahihi nzima, hilo sitalikubali. Nguzo kama ile si ya kupasha moto na kugonga nyundo. Chuma chake kimetengenezwa kigumu kwa makusudi, ukikichoma kinalegea, na kwa macho huoni tofauti. Inakatwa pale kitabu cha gari kinaposema ikatwe, inaunganishwa nyingine, inapimwa kwa mkanda kutoka kona hadi kona, upande huu na ule, mpaka vipimo vilingane. Hiyo ni siku tatu za kazi. Eksperti aliandika saa tano.

MTU WA BIMA: Aliandika kwa kile alichokiona kwa nje.

FUNDI: Basi aje aone kwa ndani. Gari la Mama liko uani kwangu, nguzo iko wazi, sijapaka kitu. Apime nami, aandike, tusaini wote wawili, kisha nifunge. Nikishafunga, hata mimi sitaweza kumwonyesha mtu chochote.

MTU WA BIMA: Papa, eksperti analipwa kwa safari. Safari ya kukadiria iko kwenye bajeti ya kila faili. Ya pili, ya kuangalia kazi, hakuna aliyeiweka.

MWENYE TEKSI: Kwa hiyo pesa ya kuja kunipunguzia ipo. Ya kuja kuona kama gari limepona, haipo.

MTU WA BIMA: Mama, tukianza na gari moja, kesho kila faili litataka hivyo hivyo.

ABIRIA: Ndiyo. Kila faili.